Bustani ya mboga Dar es Salaam: rundo la mboji kwanza, mbegu baadaye

Tazama mafundi wanapochimba msingi wa nyumba Mbezi, Kigamboni au Mbagala. Juu kuna udongo mweusi kidogo, mara nyingine kina chake hata kidole hakitimii, na chini yake ni mchanga tu. Fundi anaufurahia mchanga huo. Kwa mchicha ni balaa, kwa sababu maji yanapita moja kwa moja na mbolea uliyoweka inaondoka nayo.

Ndiyo maana mtu ananunua pakiti ya mbegu, anaimwaga uani, zinaota vizuri, halafu miche ikifika kimo cha kiganja inapauka, inatoa maua mapema na kuishia hapo. Anasema hana mkono wa kupanda. Mkono anao. Miche ilikula akiba iliyokuwemo ndani ya mbegu, ilipokwisha ikakuta ardhi haina kitu.

Wengi huanza na mbegu kwa sababu ndiyo inayouzwa dukani, tena ina picha nzuri. Mimi nakushauri uanze na uchafu wa jikoni. Kutoka siku unapoweka rundo la mboji hadi siku ya kupanda ni miezi miwili au mitatu kwa joto la Dar. Kama huwezi kungoja, ipo njia ya mkato ya samadi iliyoiva, nitaieleza, lakini rundo lianze siku hiyohiyo.

Kujitegemea kiasi gani?

Wazee waliokuwepo katikati ya miaka ya 1970 wanaikumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu na jembe lake. Uani kwako usijipe mzigo wa namna hiyo. Unga na mchele utanunua, vitunguu utanunua, na nyanya za mwaka mzima ni kazi ngumu kwa anayeanza. Kinachowezekana kabisa ni mboga za majani, bamia, pilipili, ngogwe, limau na papai.

Piga hesabu ya mchicha peke yake. Ukitunzwa vizuri hutoa kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba, na huvunwa wiki ya tatu au ya nne. Chukua mita za mraba 10, gawa matuta manne, panda tuta moja kila wiki. Ikifika wiki ya tano unavuna tuta moja na kupanda jingine palepale, na kila wiki una kilo mbili na nusu kwa kadirio la chini. Hapo hujagusa matembele pembeni ya ukuta wala mronge uliosimama kwenye kona. Kosa la kawaida ni kupanda matuta yote siku moja: mnakula mchicha mpaka watoto wanagoma, kisha mwezi mzima hamna kitu.

Hatua ya 1: Jua ardhi uliyopewa

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja isiyo na rangi. Chimba udongo kina cha kiganja, toa mawe na mizizi, jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji mpaka karibu na shingo, weka na sabuni ya unga kidogo sana. Tikisa kwa nguvu, kisha iache chupa mahali isipoguswa. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linafuata ndani ya saa chache, na mfinyanzi unatua polepole mpaka kesho yake. Pima unene wa kila tabaka. Sehemu nyingi za pwani utaona mchanga umechukua karibu chupa yote. Mabondeni, kuelekea Msimbazi na vijito vyake, mfinyanzi unaongezeka.

Halafu chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Yakiisha ndani ya dakika chache, shida yako ni ardhi isiyoshika maji. Yakiwa bado yapo kesho asubuhi, una shida ya upande wa pili, na mizizi itaoza wakati wa masika. Mtu wa Kigamboni na mtu wa Jangwani hawawezi kufuata maelekezo yaleyale ya kutengeneza tuta, kwa hiyo jaribio hili usiliruke.

Dondoshea pia siki kidogo kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Hilo ni la kawaida maeneo yenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, na upande wa Tegeta, ambako kilima cha Wazo kimechimbwa miaka mingi kwa ajili ya saruji. Kwenye udongo wa namna hiyo usiongeze majivu. Yanazidisha hali ileile, mimea inashindwa kuchukua madini ya chuma, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Jambo la mwisho hapa halina chupa wala siki: uliza historia ya kiwanja. Palikuwa gereji? Betri zilivunjwa hapo? Ni ukingo wa mto unaopokea maji ya viwandani? Tafiti zilizofanywa kwenye mboga za Bonde la Msimbazi zimekuta metali nzito, risasi ikiwemo, na metali hizo hazitoki kwa kuosha majani wala kwa kuweka mboji. Mahali kama hapo lima kwenye viroba na ndoo kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine. Mpangaji naye afanye hivyohivyo hata kama ardhi ni safi, maana siku mwenye nyumba akibadili mawazo unahama na udongo wako.

Hatua ya 2: Rundo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukipapatia hapa, hatua zinazofuata ni nyepesi.

Rundo linahitaji vitu vikavu na vitu vibichi. Vikavu ni majani ya mwembe na miashoki yanayofagiwa kila asubuhi, makuti mazee yaliyokatwakatwa, nyasi kavu, pumba za mpunga, maboksi yasiyo na plastiki. Vibichi ni maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, maganda ya papai na tikiti, magugu yasiyo na mbegu, na machicha ya nazi. Machicha hayo yafukie katikati ya rundo. Ukiyaacha juu yanachacha, na sisimizi wa mtaa mzima watakuja.

Jikoni kwa familia moja hakutoshi kujaza rundo la maana. Toka mtaani. Pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, majani na mikungu ya migomba inaachwa kwa wingi, na migomba ina potasiamu nyingi. Kwa muuza madafu kuna makumbi anayoyaona kero. Kwa muuza genge kuna mabaki ya jioni. Zungumza nao vizuri, wape kiroba kitupu asubuhi, ukipitie jioni. Wakishazoea watakuwekea wenyewe.

Samadi nayo inahitaji kuulizia. Ukifika kwa mfugaji wa ng'ombe huko Goba au Chanika, mazungumzo ni mafupi:

"Shikamoo mzee. Samadi ipo?"

"Marahaba. Ipo. Unataka ya juu au ya chini?"

Mwambie ya chini. Ya juu ni ya juzi, bado ina joto na harufu kali, na inafaa kuingia kwenye rundo tu. Ya chini imekaa miezi, ni nyeusi, inapukutika mkononi, inanuka udongo. Ingiza mkono katikati ya kiroba kabla hujalipa: ukikuta fukuto, haijaiva, hata muuzaji aapeje. Mbolea ya kuku wa nyama, ile iliyochanganyika na maranda, ina nguvu zaidi na inaunguza mizizi haraka zaidi. Iingie kwenye rundo, isiende moja kwa moja shambani.

Panga hivi. Chagua kivuli, mahali maji yasipotuama. Chini weka matawi na makumbi yaliyopasuliwa, kina cha sentimita 15 hivi, hewa ipite. Juu yake majani makavu sentimita 20, nyunyizia maji. Kisha vitu vibichi sentimita 10, kisha samadi sentimita 5, kisha kiganja kimoja kimoja cha udongo wa kawaida, ambao ndani yake mna vijidudu watakaofanya kazi. Nyunyizia tena. Rudia mpaka rundo lifike kimo cha kiuno. Urefu, upana na kimo visipungue mita moja, la sivyo joto linatoroka.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Chukua konzi kutoka ndani ya rundo, ikamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Pasipotoka kitu na konzi ikasambaratika, mwagilia.

Choma fimbo ndefu katikati na iache humo. Baada ya siku nne au tano ichomoe na uishike. Iwe moto kiasi cha kukufanya uibadilishe mkono. Rundo zuri hufika nyuzijoto 55 mpaka 65, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa vilivyomo kwenye samadi. Fimbo ikiwa baridi, rundo ni kavu, au ni dogo, au limekosa vibichi. Likinuka vibaya, limelowa na kukosa hewa: lipindue, ongeza majani makavu. Jirani akianza kukunja pua usibishane naye, chukua chepe.

Pindua baada ya wiki mbili au tatu, vya nje viende ndani, na rudia hivyo mara mbili tatu. Masika funika kwa turubai au makuti, maana mvua kubwa inaosha rutuba yote kwenda mtaroni. Nyama, samaki, wali na ugali viache nje ya rundo, panya wa Dar hawahitaji mwaliko. Mboji imeiva pale usipoweza tena kutambua ganda la ndizi ni lipi, ikiwa nyeusi, imepoa, na inanuka kama ardhi iliyonyeshewa.

Asiye na nafasi atumie kiroba kikubwa au pipa lililotobolewa matundu pande zote. Mboji itapatikana, ila polepole, kama miezi minne, na joto halitapanda. Kwa hiyo kwenye pipa usiweke magugu yenye mbegu wala samadi mbichi.

Kuhusu samadi mbichi nisisitize. Kanuni ya kilimo hai ya Marekani ni siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna kinachogusa udongo. Mchicha unakaa wiki nne. Fanya hesabu mwenyewe.

Chenga za mkaa

Muuza mkaa anapomaliza gunia, chini zinabaki chenga. Waombe au nunua kwa bei ya kutupa. Mkaa una vitundu vidogo mno vinavyoshika maji na chakula cha mimea, na hauozi haraka, jambo lenye maana sana kwenye mchanga na joto letu ambapo mboji huliwa na vijidudu upesi. Sharti ni moja: usiweke mkaa mkavu moja kwa moja kwenye tuta, utaanza kwa kunyonya chakula cha mimea yako. Uchanganye kwanza na mboji au uuloweke kwenye maji ya samadi wiki mbili. Debe moja la chenga kwa madebe kumi ya mboji linatosha. Majivu ni kitu kingine kabisa, usivichanganye hivi viwili.

Hatua ya 3: Tuta

Kwenye mchanga, tuta lizame. Pima upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, urefu wa mita 2 na nusu. Chimba sentimita 30, udongo uweke pembeni. Sakafuni tandika makumbi yaliyopasuliwa, tumbo litazame juu, lishike maji. Tandika na majani ya migomba. Rudisha udongo ukiwa umechanganywa na mboji, madebe mawili kwa kila mita ya mraba kwa mara ya kwanza. Uso wa tuta ubaki chini ya njia kwa sentimita 5 hivi, ili kila tone liingie ndani.

Kwenye mfinyanzi kinyume chake. Inua tuta sentimita 20 mpaka 30 juu ya njia, chimba vijifereji pembeni, mboji kiasi kilekile. Usishughulike nalo likiwa limelowa chepechepe, utafyatua matofali. Na usidanganyike kwamba kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi kutaulainisha. Kiasi kidogo cha mchanga hakisaidii, mara nyingine kinaugandisha zaidi. Mboji ndiyo inayofanya kazi pande zote mbili: inaunganisha mchanga na kuulegeza mfinyanzi.

Baada ya hapo, kila unapovuna ongeza nusu debe kwa mita ya mraba kabla ya kupanda tena. Kidogo kidogo na mara kwa mara kinashinda kingi cha mara moja kwa mwaka. Usikanyage tuta, usilichimbue upya kila msimu.

Njia ya mkato niliyoahidi ni hii: samadi ya chini iliyoiva kabisa, debe moja na nusu kwa mita ya mraba, ichanganywe, imwagiliwe, iachwe wiki mbili kabla ya kupanda. Anza na bamia au miche ya pilipili, mazao ambayo tunda lake haligusi udongo.

Hatua ya 4: Kupanda

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Ichanganye na mchanga mkavu, sehemu moja kwa kumi, ndipo uimwage kwenye mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20. Fukia kidogo tu, kiasi cha kutoonekana. Siku ya tatu mpaka ya tano utaona wekundu au kijani kinachungulia. Miche ikibanana ipunguze, na hiyo ya kupunguza ni mboga ya siku hiyo.

Matembele hayataki mbegu. Kata vipando vya sentimita 25 vyenye vifundo vinne au vitano, fukia vifundo viwili au vitatu, mwagilia, yaache. Ukiwa na tuta moja tu na muda mdogo, panda matembele. Chainizi, nyanya, ngogwe na pilipili zianze kwenye kitalu kidogo chenye kivuli, uhamishe jioni miche ikiwa na majani manne hivi.

Dukani tafuta pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na usome kama mbegu ni chotara. Chotara inazaa vizuri mara moja, lakini mbegu utakayoitoa haitafanana na mama yake. Anayetaka kujitegemea atafute za kawaida, kama mchicha wa Madiira, ngogwe za Tengeru White, au nyanya za Tanya na Tengeru 97.

Ukishapanda na miche ikasimama, tandaza nyasi au majani makavu kati ya mistari, unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Matandazo ndiyo yanayokupunguzia kazi ya kumwagilia, na yakioza yanakuwa mboji palepale.

Maji

Mita za mraba 10 kwenye mchanga zinahitaji lita 40 hadi 50 kwa siku wakati wa kiangazi, yaani madumu mawili na zaidi kidogo. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Chomeka kidole: kikikuta unyevu kwenye kifundo cha pili, leo acha.

Waliokuwepo Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao mkali, hawahitaji kuambiwa waweke pipa. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10, lita 400 zinaanguka juu yake, na lita 300 na ushee zitafika kwenye pipa lenye mfereji mzuri. Lifunike kwa chandarua. Mbu wanaoeneza dengi, ugonjwa uliolisumbua jiji 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini. Ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia, hapana. Ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, maharage usijaribu kabisa. Spinachi huvumilia zaidi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, subiri masika yaoshe tuta kabla ya kupanda kitu nyeti.

Wadudu

Mchicha uliolishwa vizuri na kuvunwa wiki ya nne mara nyingi unawahi kuondoka kabla wadudu hawajajipanga. Viwavi na konokono wakubwa waokote kwa mkono, saa moja usiku kwa tochi. Vidukari wachache pangusa kwa maji yenye sabuni kidogo, na ufuatilie sisimizi, maana ndio wanaowalinda.

Wakizidi, mwarobaini. Okota mbegu zilizoanguka, toa nyama, anika kivulini, twanga. Nusu kilo ya unga huo kwenye lita 10 za maji, iache ilowe usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche iliyokunwa. Jaribu kwenye mimea miwili kwanza. Nyunyizia jioni, kwa sababu jua linaiharibu dawa, na itumie siku hiyohiyo. Rudia baada ya siku saba. Haiui papo hapo: inawakatisha wadudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao, kwa hiyo usikate tamaa asubuhi yake.

Maji ya tumbaku utayasikia sana kama dawa ya asili. Achana nayo. Nikotini ni sumu kali inayopita hata kwenye ngozi, na tumbaku inaweza kuiambukiza nyanya na pilipili virusi.

Nyanya ina adui wa peke yake, kantangaze, aliyeenea nchini muongo uliopita. Kiwavi wake anajificha ndani ya jani, akiacha mistari na mabaka meupe. Kata majani hayo, yatie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uuanike juani. Kwenye rundo yasiingie. Na nyanya ikinyauka mchana ilhali tuta limelowa, ing'oe utazame mizizi: ukikuta vinundu, ni minyoo fundo, wanaoupenda mchanga. Tuta hilo lipande marejea, mmea wa jamii ya kunde, msimu mmoja, uyakate yakianza kuchanua na kuyaacha yaoze hapo. Hupunguza minyoo na kuongeza naitrojeni.

Msimu kwa msimu

Masika, Machi mpaka Mei, acha nyanya, ukungu utaimaliza. Ni wakati wa matembele, kisamvu, majani ya maboga na mlenda, na wa kujaza marundo kwa sababu majani ni mengi. Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma na joto likishuka, ndio wakati mtamu kuliko yote: nyanya, chainizi, figili, karoti, mradi una maji. Vuli ikianza Oktoba, panda bamia na kunde. Januari na Februari jua ni kali mno kwa miche, weka kivuli cha neti au makuti yaliyoachana, na utegemee matembele na mronge.

Ukipata ziada ukawaza kuuza, uza kama mboga ya nyumbani. Alama ya Kilimohai, inayotokana na Kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, ni ya waliokaguliwa.

Mbegu zako mwenyewe

Kwenye tuta la mchicha chagua mimea kumi iliyonawiri, iliyochelewa kuchanua. Iliyowahi kuchanua usiichague, utakuwa unajifugia mchicha wa kuchanua mapema. Iwekee vijiti, iache iendelee wakati mingine inaliwa. Vichwa vikianza kukauka na mbegu kudondoka ukivigusa, vikate asubuhi, vianike juu ya mkeka kivulini siku kadhaa, visugue kwa viganja, pepeta kwa ungo. Mchicha wa bustanini usiuweke karibu na mchicha pori ulioachwa uchanue, vitachanganyika. Hifadhi kwenye chupa kavu, chini vijiko vichache vya majivu makavu yaliyofunikwa na karatasi ili yanyonye unyevu, juu mbegu, kifuniko kikazwe, jina na mwezi viandikwe kwenye plasta. Kabla ya kupanda msimu unaofuata hesabu mbegu 20, ziweke kwenye kitambaa kibichi. Zikiota 15 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 10, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo wape kuku.